Mtupo wa Chini ya Kamba

Kamba ya kuanikia nguo ya Bi Yurick ndiyo iliyomfundisha Dale Kostelnik kurusha mpira, na mji mzima wa Brannock unalijua hilo. Kati ya nyumba ya Kostelnik na ya jirani kulikuwa na kipande cha nyasi chembamba, upana wa gari moja na nusu, na juu yake ilipita kamba ambayo haikukosa shuka wala suruali hata siku moja, kwa kuwa Bi Yurick alikuwa na wana saba na wote walifanya kazi za kuchafuka. Mzee Emil, baba yake Dale, alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha kioo, anasimama mwisho wa nyasi na vumbi bado liko kwenye nyusi, na kumwambia mwanawe sharti ni moja tu: mpira upite, na shuka la watu lisiguswe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dale akajifunza kurusha kwa ubavu, mkono ukitokea karibu na nyonga, mpira ukienda chini chini kama kijiwe kinachorushwa kiruke juu ya maji.

Ulikuwa mtupo wa ajabu, na si mzuri wa kutazama. Katika futiboli ya Kimarekani kila kitu hupitia kwa mtu mmoja. Wenzake wanasukumana, yeye anapewa mpira, na ana kama sekunde tatu za kuamua ampe nani kabla watu wenye uzito wa ng'ombe hawajamlalia. Huyo ndiye mrushaji, na warushaji wote hufundishwa kuinua mpira juu, karibu na sikio, ili usizuiwe na mikono ya wapinzani. Kwa hiyo Dale alipofika chuo kikuu cha jimbo, makocha walimtazama mara moja wakashika vichwa. Mwaka wa kwanza wote walimfunga taulo kwapani wajaribu kumnyoosha. Mwaka wa pili mrushaji wao akavunjika mguu, Dale akaingizwa kwa kukosa mwingine, akashinda mechi tisa mfululizo, na taulo likarudi bafuni. Pale Brannock watu walibandika picha yake kwenye dirisha la kinyozi. Ipo mpaka leo, imepauka, mkono bado uko ubavuni.

Halafu akaenda kwa wanaolipwa, na huko ndiko alikokwisha bila mtu kumwua.

Alichaguliwa siku ya tatu ya uteuzi, timu zinapogawana vijana wa vyuo, raundi ya mwisho, saa ambayo hata watangazaji wa televisheni wanapiga miayo. Miaka minane ikapita, timu tano, na hakuwahi kukanyaga uwanja katika mechi ya kweli. Waliomweka walimweka katika kikosi cha mazoezi, na kazi yake humo ilikuwa moja: kuwa mtu mwingine. Kila Jumatano walimvisha kizibao chekundu, maana yake asiguswe, wakabandika juu yake kwa utepe namba ya mrushaji wa timu watakayocheza nayo Jumapili. Kocha msaidizi anainua kadi kubwa yenye mchoro wa mbinu za wapinzani. Dale anarusha kama yule mrushaji anavyorusha, na walinzi wa timu yake wanajifunza kumzuia.

Wengine huifanya kazi hiyo kama mtu anayechota maji ya nyumba ya jirani. Dale hakuifanya hivyo, na pengine hilo ndilo kosa lake. Alikaa na video mpaka akajua huyu hutanguliza mguu gani, yule hutafuna nini, na nani hutazama kulia anapotaka kurusha kushoto. Akawavaa wote. Mlinzi mmoja mnene wa kutoka Louisiana, jina lake Guidry, alimwita Kasuku, na jina likamganda. Jumapili walinzi walitoka uwanjani wakicheka kwamba huyo bwana walishamwona Jumatano, hana jipya. Dale aliwasikia na alijivuna, tusimfichie. Kila timu iliyomwacha ilimsifu kwa timu iliyomchukua. Alikuwa fundi bora wa kuwa watu wengine, na hakuna aliyemwuliza habari za mtupo wake mwenyewe, hata yeye.

Aliyeuulizia alikuwa mmoja tu.

Mzee Emil alikuwa na miaka sabini na minne na macho yake yalikuwa yanaliwa kutoka katikati. Alipokutazama usoni aliona shimo, na pembeni mwa shimo hilo ndipo palibaki mwanga na maumbo. Kwa hiyo akitaka kukuona aligeuza uso upande, kama kuku anayeichunguza punje. Wageni walidhani anawadharau. Kumbe ilikuwa kinyume: akikugeuzia ubavu anakuona, akikukazia macho anakuonyesha adabu tu na haoni kitu. Daktari alishamwambia kwamba ikifika majira ya kuchipua hata uoni wa pembeni utakuwa umekwenda.

Namba za wachezaji hakuzisoma tena, wala nyuso. Mitupo aliijua. Kila Jumapili binti yake Marcy, anayefanya kazi benki na kukaa naye, alimpeleka katika klabu ya Waslovakia wenzake, nao walikuwa wamemwekea kiti chake karibu kabisa na televisheni. Alikaa bega likiielekea, uso ukitazama mashine ya bia, na akataja kila mrushaji kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Watu walimwekea dau la bia, wakaliwa. Alipozungumza na Dale kwa simu hakumlaumu kwa lolote, ila kila mara alimalizia na neno lile lile. Alitaka amwone uwanjani mara moja, uwanja wa kweli. Baada ya hapo macho yaende yanakotaka.

Wiki ya tatu ya Novemba timu ya Dale ilijiandaa kwa Brandt Colfax. Colfax ni bwana mrefu mwenye mtupo wa vitabuni: anainua mpira hadi sikioni, anaupiga makofi mawili kwa kiganja cha kushoto, paa paa, kisha anauachia kutoka juu kabisa. Yale makofi ni tabia yake, makocha wameshindwa kumwachisha. Dale aliyachukua Jumatano, Alhamisi yakakaa vizuri, na Ijumaa Guidry alimwendea na jasho likimtiririka na kumwambia, "Kasuku, Colfax mwenyewe akikuona ataomba kitambulisho chake."

Jumamosi asubuhi mrushaji wa pili wa timu alipelekwa hospitali, kidole tumbo kimemshika. Kocha mkuu akamwita Dale, akamwambia jina lake limeandikwa kwa ajili ya kesho, kama akiba ya Sloan, mrushaji wa kwanza. Dale alikuwa hajafanya zoezi hata moja na washambuliaji wa timu yake tangu Agosti. Hakuna aliyelitaja hilo kama kosa, maana si kosa la mtu, ndivyo kazi ilivyo: mazoezi yote na wenzake hupewa Sloan, na Sloan haumwi. Dale alitoka nje kwenye maegesho ya magari, akampigia baba yake. Mzee Emil akauliza kama mvua imetabiriwa. Marcy alisimulia baadaye kwamba mzee alinyoa ndevu mara mbili siku ile.

Jumapili, robo ya tatu ya mechi ikielekea mwisho, Sloan aliangukiwa na watu wawili akainuka na bega limeshuka. Timu ilikuwa mbele kwa pointi tatu. Kocha hakusema mengi, alimsukuma Dale mgongoni tu.

Dale aliingia akiwa mtulivu kuliko alivyotarajia. Sauti ya kocha ikamsomea mbinu ndani ya helmeti, akaifikisha kwa wenzake, akapokea mpira, akamwona mdakaji wake yuko wazi upande wa kushoto, na hapo akasikia paa paa. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeupiga mpira karibu na sikio. Ukatoka juu, ukadakwa, yadi kumi na mbili. Watu elfu sitini wakapiga kelele ya kumkaribisha. Yeye alikuwa anakitazama kiganja.

Mara ya pili alijiambia asipige, akapiga. Mara ya tatu mlinzi mmoja wa wapinzani, kijana mwepesi aitwaye Marchetti, aliondoka mahali pake kabla mpira haujatoka mkononi, akaunyakua hewani na kukimbia nao mpaka mstari wa mwisho. Uwanja ukanyamaza kama kanisa Jumatatu. Wakati wanarudi, Marchetti alimpita Dale karibu, na hakumkejeli, alikuwa anashangaa kwa dhati.

"Kaka, nani kakufundisha hivyo?" alisema. "Huo mpira wa Colfax wetu naufanyia mazoezi tangu kambi ya Julai. Likilia kofi la pili tu, mimi nishaondoka."

Dale aliketi kwenye benchi. Kocha akaja, akamwambia aache kupigapiga mpira, kana kwamba Dale alikuwa hajui. Guidry akaja naye, akakaa hadi benchi likainama.

"Kasuku. Rusha wa kwako."

"Upi?" Dale akauliza.

Guidry alidhani ni utani, akacheka, akampiga paja. Halafu akamtazama usoni, na kicheko kikakatika.

Alirudi uwanjani akaifikiria kamba. Aliwaza shuka za Bi Yurick, suruali za wanawe saba, vumbi la kioo kwenye nyusi za baba. Aliinama, akashusha mkono, na mpira ukatoka kwa ubavu, chini ya mikono ya wapinzani, ukampata mdakaji yadi kumi na nane mbele. Watu wakasimama. Kwa pumzi moja Dale alifurahi furaha ambayo hakuwa nayo tangu chuo. Kisha akakumbuka mguu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeruka nyuma mpira ulipotoka, na kiwiko kilichelewa, na Dale wa Brannock hakuwahi kurusha hivyo. Yule alikuwa Boudin, wa timu ya kusini, anayerusha kwa ubavu pia. Dale alimvaa wiki ya pili ya Oktoba.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aliutafuta mkono wake mwenyewe robo nzima, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya koti ambalo si lake: kila mfuko una kitu, na hakuna kilicho chake. Alipobanwa sana na muda, mwili ulichagua wenyewe, na mwili ulichagua wa juzi, paa paa. Sekunde kumi na moja zikiwa zimebaki, Marchetti aliuzima mpira wa mwisho kwa kiganja, kwa upole kabisa, kama anayefunga dirisha. Walishindwa kwa pointi nne.

Simu ilikuja akiwa kwenye ukumbi wa nje ya chumba cha kubadilishia nguo, viatu mkononi.

"Dale," alisema Mzee Emil. "Marcy anasema umecheza robo nzima na ushei."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimemwona Colfax tu. Wakiwa na mpira wao, Colfax. Mkiwa nao nyinyi, Colfax. Nikawaambia hawa jamaa televisheni yao mbovu, wakaanza kunyamaza nyamaza." Akakohoa. "Kulikuwa na mmoja wa ubavu. Huo nikainuka kwenye kiti. Halafu nikauona ule mguu, nikakaa."

Dale aliviweka viatu chini.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali ingekuwa afadhali. Dale alimwambia Jumanne ni siku ya mapumziko, atakuja nyumbani, atamrushia uani kwao, pale pale. Mzee akasema vizuri, atamwambia Marcy anunue pierogi, zile sambusa zao za viazi za kuchemsha.

Jumatatu kocha alimshukuru. Kuna mrushaji mwenye uzoefu anakuja kesho kusaini, alimwambia, na Dale atarudi kikosi cha mazoezi, nafasi yake haina wasiwasi, maana walinzi wote wamemwombea abaki. Mezani palikuwa na kizibao chekundu kimekunjwa, na namba mpya imeshabandikwa.

Jumanne aliendesha gari kwa muda wa saa nne. Brannock ilikuwa na baridi ya kijivu, bila theluji. Bi Yurick alikuwa na miaka tisini sasa na wanawe wamebaki wawili, lakini kamba ilikuwa na shuka mbili na taulo, zimekakamaa kwa baridi. Marcy aliweka kiti cha jikoni penye nyasi, akamfunika mzee blanketi, akaenda kusimama mwisho wa ua kudaka, kama alivyokuwa akidaka zamani. Mzee Emil akaligeuza bega, uso akauelekeza kwenye ukuta, akamwona mwanawe.

"Haya. Tupa."

Dale akatupa.

"Colfax," alisema mzee.

Akatupa tena.

"Huyo ni yule wa mguu. Boudin. Tupa."

Mwanzoni walicheka. Mzee alimtaja huyu na yule, wa mmoja akasema jina limempotea ila ana haraka kama mwenye mkojo, na Marcy akacheka mpaka akauangusha mpira. Ilikuwa kama mchezo wa klabuni. Lakini majina yakaendelea kutoka, kumi, kumi na tano, na la Dale halimo, na kicheko kikaisha chenyewe. Mpira mmoja ukagonga shuka ukaacha doa la matope. Bi Yurick akafungua dirisha la jikoni, akatazama, na akasema kwa masikitiko zaidi ya hasira kwamba Dale hakuwahi kumgusia shuka hata alipokuwa na miaka tisa. Kisha akalifunga.

Bega lilianza kuwaka. Dale alijaribu kusimama alipokuwa akisimama zamani, penye jiwe la msingi lililochomoza. Alijaribu kufumba macho. Alijaribu kurusha vibaya kwa makusudi, akidhani ubaya wake utakuwa wake, na baba yake akamtaja mwenye nao. Marcy alikuwa ameacha kuwatazama. Alidaka, akarudisha, akadaka.

"Baba, siupati," Dale alisema mwishowe. Sauti ilimtoka nyembamba, na hakujali. "Nimeutafuta tangu juzi. Nadhani haupo tena."

 Mzee Emil alilivuta blanketi mpaka kifuani.

"Tupa mmoja wa mwisho," alisema. "Kuna baridi."

Dale akainama, akaufikisha mpira karibu na nyonga, na akaona mkono ukipanda. Hakuweza kuuzuia. Kiganja cha kushoto kikapiga mara mbili, paa paa, kikasikika mpaka ukutani kwa Bi Yurick, na mpira ukapita juu ya kamba, juu ya mikono ya Marcy, ukaangukia ua wa pili.

Aligeuka. Baba yake alikuwa ameuhamisha uso kutoka ukutani. Alikuwa amemwelekea Dale sawasawa, macho yote mawili yamemkazia kifua, na anatabasamu.

"Huo," alisema Mzee Emil. "Huo ndio wako, mwanangu. Nimeuona."

Marcy alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Dale akasema asante, baba, akapita chini ya kamba akiinama, akaenda kuufuata mpira.